Barua ya wazi kwa Rais wa FIA, shirikisho la dunia la mbio za magari: ruhusuni gari za GT zikimbie rali na wenzao, kwa pointi zilezile

Mheshimiwa Mohammed Ben Sulayem,

Assalaam aleikum. Mimi ni fundi wa magari hapa Nakuru, nakuandikia kwa Kiswahili kwa sababu ndiyo lugha ninayoshikia spana, na najua huko kwenu Dubai Waswahili wa kukusomea wapo tele. Nakuandikia wewe kwa sababu wewe rali umeiendesha mwenyewe, mataji 14 ya Mashariki ya Kati sio mchezo, kwa hiyo nikisema gari ilipiga tumbo kwenye mgongo wa barabara sina haja ya kukueleza sauti yake ikoje.

Shida yangu ni hizi gari za GT, za michezo, Porsche 911, Alpine A110 na ndugu zao, zinavyowekwa pembeni kwenye rali. Mliwapa kundi lao la R-GT mwaka 2011, mwaka 2015 mkawapa na kombe lao, François Delecour akalichukua mwaka huohuo wa kwanza na Porsche, baadaye Romain Dumas, baadaye zikaja zile Abarth 124 na Alpine. Nashukuru, mlango ulifunguliwa. Lakini lile kombe lilikuwa la lami tu, na hata kwenye hiyo lami wao walikuwa wanashindana wao kwa wao wakati rali yenyewe inaendelea mbele yao. Ni kama kumwita mtu harusini halafu unampakulia chakula nje ya hema.

Sasa wacha nikueleze kilichonifanya niandike. Miaka michache iliyopita rafiki yangu alinunua Toyota GT86 iliyogongwa ubavuni, tukaijenga upya hapa gereji kwa miezi saba, usiku baada ya kazi. Tukainua springi, tukabadilisha shokapu, tukaikatia sampo gadi ya bati nene la alumini ya kukinga sampo, lile bakuli la oili chini ya injini, tukaweka rolkeji, fremu ya mabomba ya kumkinga dereva. Gari ya kuvuta nyuma, nyepesi, inasikiliza usukani kama mbuzi aliyefungwa kamba. Tukaipeleka rali moja ya hapa nchini, sitaitaja. Siku ya ukaguzi jamaa mmoja mwenye faili akaizunguka mara mbili, akasema usalama iko sawa kabisa ila haina klasi, mkitaka mtakimbia lakini mtaondoka mwisho kabisa na pointi hamna. Rafiki yangu akakubali tu, kwa sababu tayari alikuwa ameuza shamba la vitunguu la msimu mzima kununua tairi.

Mwisho kabisa maana yake nini, wewe unajua. Mbele yetu zilikuwa zimepita gari zote za kuvuta miguu minne, moja baada ya nyingine, zote zikikanyaga palepale. Kwenye kona moja nilishuka nikaenda kuangalia njia, nikapiga magoti nikaingiza mkono kwenye mfereji ambao tairi zilichimba, ukafika kiwikoni. Katikati ya ile mifereji miwili umebaki mgongo wa udongo mgumu na mawe yamejitokeza kama meno. Gari yetu ikaja, ikaingia, na ikakaa juu ya tumbo lake. Nilisikia ile alumini ikikwaruza kuanzia mbele mpaka usawa wa gia boksi, halafu harufu ya oili. Tulipoifungua jioni sampo gadi ilikuwa imekunjwa kama karatasi ya chapati na sampo yenyewe ina ufa wa kuingia kucha. Rafiki yangu hakusema kitu, alikaa tu juu ya tairi ya spea anaiangalia.

Na jioni hiyohiyo nikasikia watu wakisema, mmeona sasa, gari ya sport haifai rali. Hapana. Gari yoyote isiyo na kimo cha lori ingelala pale. Tungeondoka kwa mpangilio wa kasi ya dereva kama wengine wote, tungepita kabla hiyo mifereji haijafika magotini. Hii ndiyo maana yangu ya usawa Mheshimiwa, sio uzito na nguvu ya injini peke yake. Hata nafasi ya kuondoka ni usawa, hata pointi ni usawa.

Wazee wetu hapa waliona mambo tofauti. Safari Rally ya zamani haikuwa inauliza gari imezaliwa ya sport au ya familia, zote barabara moja, saa moja, matope mamoja. Datsun 240Z, gari ya milango miwili ya starehe kabisa, ilishinda hapa mwaka 1971 na Edgar Herrmann na ikarudi ikashinda 1973 na Shekhar Mehta. Lakini angalia upande wa pili pia, maana watu wakisikia GT wanaogopa wanadhani zitameza kila kitu. Mwaka 1974 Björn Waldegård alikuja na Porsche 911, akawa wa pili, aliyemshinda ni Joginder Singh na Mitsubishi Lancer. Mwaka 1975 Lancia walileta Stratos, ile gari iliyoundwa kwa ajili ya rali na si kitu kingine, Sandro Munari akawa wa pili na Waldegård wa tatu, mbele yao nani? Ove Andersson na Peugeot 504! Pijo, Mheshimiwa. Ile Pijo iliyokuwa inabeba abiria na magunia ya viazi huku kwetu, ndiyo iliyoiacha Stratos.

Mwaka 1978 ndio naupenda kuliko yote. Jean-Pierre Nicolas alianza mwaka kwa kushinda rali ya Monte Carlo na Porsche 911, halafu akaja kwetu akashinda Safari na Peugeot 504 kupe, na nyuma yake wa pili alikuwa kijana wa hapahapa Kenya, Vic Preston Jr, ndani ya nini, ndani ya Porsche 911! Waldegård naye na Porsche nyingine akawa wa nne. Dereva yuleyule, mwaka uleule, kule Ulaya Porsche inampa ushindi, huku anaipiga Porsche akiwa na Pijo. Baba yangu alisimama kando ya barabara nje ya Nakuru mwaka huo na mpaka leo akisimulia ile 911 anaiga sauti yake kwa mdomo, wajukuu wanacheka. Porsche haijawahi kushinda Safari Rally ya ubingwa wa dunia hata mara moja. Kwa hiyo nani alihitaji kuitengea klasi yake? Barabara yenyewe ilikuwa inatoa hukumu.

Kuna watakaokwambia hayo ni ya kale, Audi Quattro ya kuvuta miguu minne ikaja 1981 na ikamaliza mjadala. Kwa sehemu kubwa ya dunia sawa. Lakini huku, Opel Ascona ya kuvuta nyuma ilishinda 1983 na Ari Vatanen, halafu Toyota Celica ya kuvuta nyuma ikashinda 1984, 1985 na 1986, miaka mitatu mfululizo, mbele ya wenye miguu minne. Gari ya kwanza ya kuvuta miguu minne kushinda Safari ni Audi 200 ya Hannu Mikkola mwaka 1987. Miaka sita baada ya Quattro kuanza. Mimi fundi hilo linanifundisha kitu, gari nyepesi yenye difu imara na vitu vichache vya kuvunjika ina nafasi yake kwenye barabara mbaya na ndefu.

Sasa sisemi uongo, najua leo teknolojia imeenda mbali, kule Sweden kwenye barafu gari ya kuvuta nyuma itaachwa hata dereva awe nani. Sawa, iachwe. Siombi GT zibebwe mgongoni. Na upande wa lami najua hofu iliyopo, 1999 Philippe Bugalski na Citroën Xsara ya kuvuta mbele alishinda rali za Catalunya na Corsica, akawaacha nyuma wenye magari makubwa ya dunia na wakanuna sana. Lakini dawa ya hilo mnayo tayari mkononi, R-GT yenyewe inapimwa nguvu kwa uzito, mnabana hewa ya injini kwa kile kizibo, mnaongeza kilo. Bana kwenye lami, legeza kwenye changarawe. Kila uso wa barabara na kipimo chake, halafu matokeo yaandikwe kwenye karatasi moja.

Changarawe ndiyo hasa ninayoililia. Nani alisema GT ni za lami tu? Kwenye Safari Classic hapa kwetu Waldegård alishinda 2011 na 911, Stig Blomqvist akashinda 2015 na 911, na hizo ni gari za kizamani zinakula maelfu ya kilomita za vumbi na mawe. Nimewahi kuona fundi wa timu mmoja amelala chini ya 911 service, taa mdomoni, anabadilisha shokapu la nyuma na mikono yake haitetemeki, dakika chache tu gari iko chini imeondoka. Gari hizo ukiziinua na ukazikinga tumbo zinadumu. Na viwanda vyenyewe vimeliona hilo, mwaka 2022 Porsche walitoa 911 Dakar na Lamborghini wakatoa Huracán Sterrato, gari za GT zilizoinuliwa kabisa kutoka kiwandani kwa ajili ya njia ya vumbi. Wateja wanazitaka, viwanda vinaziunda, rali ndiyo haina mahali pa kuziweka.

Na rali inahitaji watu jamani. Tangu Safari irudi ubingwa wa dunia 2021, Toyota imeshinda 2021, 2022, 2023, 2024, 2025. Ogier, Rovanperä, Evans, madereva wazuri mno, nimesimama Kedong nikawapigia makofi mpaka vumbi limejaa masikioni, vumbi la pale laini kama unga wa ngano unaingia mpaka ndani ya chupa ya maji. Ila mtoto wangu aliniuliza, baba hii nyingine ni gari gani, nikamwambia hiyo pia Toyota. Timu tatu tu za daraja la juu ni chache kwa mchezo wa dunia.

Sheria mpya za 2027 nimezisoma na nyingi nimezifurahia, bei ya gari isizidi euro 345,000, hata wajenzi wadogo wanaruhusiwa, na bodi zinaweza kuwa za maumbo tofauti. Lakini chini ya hiyo bodi ni fremu ya mabomba inayovuta miguu minne. Mtu akiivalisha sura ya Alpine itakuwa imevaa koti tu. Mimi naomba GT ya kweli, chasi yake, injini yake pale ilipo, inavuta nyuma, na iwekewe dari ya bei hiyohiyo ili asije tajiri mmoja akaharibu soko. Iruhusiwe kuinuliwa na kuongezewa mwendo wa shokapu kwa ajili ya changarawe. Iondoke kwenye foleni kulingana na kasi ya dereva. Ikimaliza ya tano ipewe pointi za wa tano.

Jaribuni hapa kwetu kwanza. Naivasha, Soysambu, Elmenteita, njia zipo na watu wapo. Hata rali moja kwa majaribio, halafu mwangalie saa zenyewe zitasema nini.

Ile GT86 bado iko hapa gereji, nyuma ya mlango, nimeifunika turubai. Sampo nilishaichomelea na sampo gadi mpya nimeikata nene zaidi, imebaki kufungwa bolti nane.

Wako,
Fundi wa magari, Nakuru