Lori Linatoa Moshi Mweusi? Usianze na Pampu

Wenye malori wengi hufika kwenye gereji za Industrial Area, Nairobi, wakiwa wameshakata kauli: pampu ya dizeli imekufa, ishushwe. Mara nyingi pampu haina kosa. Moshi mweusi ni dizeli iliyokosa hewa ya kuiunguza, kwa hiyo kabla ya kuuliza mafuta ni mengi kiasi gani, uliza kwanza hewa imepotelea wapi.

Nairobi inaongeza mambo. Jiji liko karibu mita 1,700 juu ya usawa wa bahari, na hewa ya huku ni nyepesi kuliko ya Mombasa kwa takriban asilimia 15. Injini isiyo na turbo (feni ya kusukumia hewa kwenye silinda) iliyopimiwa pampu kwa hewa ya pwani ikifika Mlolongo inaendelea kumwagiwa dizeli ileile, ilhali oksijeni imepungua. Kinachobaki bila kuungua hutoka kama masizi. Panda Southern Bypass hadi Kikuyu, kisha Limuru, na hali inazidi kuwa mbaya. Turbo hufidia pengo hilo, mradi hewa inayosukuma ifike kwenye silinda. Na hapo ndipo tatizo huwa.

Gerejini kwetu tunaanza na filta ya hewa. Vumbi la Athi River na la machimbo ya mawe huijaza mapema kuliko kitabu kinavyosema, kwa hiyo fuata kionyeshi kilicho kwenye mfereji wa hewa: kikifika nyekundu, badilisha. Kuipuliza kwa kompresa tunaelewa, kila mtu anabana matumizi, lakini upepo mkali hutoboa karatasi. Tundu usiloliona kwa macho linapitisha mchanga, na mchanga ukila turbo na ringi za pistoni utatamani ungenunua filta mpya.

Baada ya filta ni mipira ya hewa na intakula, yaani kipoza hewa inayotoka kwenye turbo. Mpira uliopasuka upande wa chini hauonekani lori likiwa limesimama, ila likibeba mzigo hufunguka na hewa yote huishia barabarani. Dalili zake ni mluzi, nguvu kupungua mlimani, na moshi mweusi kila dereva anapokanyaga. Tunaziba ncha zote mbili, tunajaza upepo usiozidi baa 2, kisha tunapaka maji ya sabuni. Povu likitokea, tumempata mwizi. Kubadilisha mpira na klipu zake ni kazi ya saa moja. Kushusha pampu, kuipeleka kwenye mashine na kuirudisha kunaweza kukulaza siku mbili.

Kisha tapeti, yaani mwanya kati ya valvu na mkono unaoisukuma. Kwa injini za Isuzu kama 4HF1 na 4HK1, mwanya ni milimita 0.40 injini ikiwa baridi. Zikikaza sana valvu hazifungi vizuri, mgandamizo unashuka na dizeli haiungui yote.

Hapo ndipo tunafikia nozeli, zinazonyunyiza dizeli kwenye silinda. Kwenye injini za zamani, nozeli nyingi hufunguka kati ya baa 180 na 250, kila moja kulingana na kitabu chake. Tunaifunga kwenye kipimio na kutazama vitu vitatu: inafunguka kwa shinikizo gani, inanyunyiza ukungu au inatema mchirizi, na inadondosha tone baada ya kufunga. Inayodondosha ndiyo hatari zaidi, kwa sababu tone lile huungua likiwa limechelewa na linaweza kutoboa pistoni. Kwenye injini za komoni reli, ambako nozeli zote hulishwa kutoka bomba moja na shinikizo linaweza kupita baa 1,600, hatufungui chochote kabla ya kupima mafuta yanayorudi kutoka kila nozeli. Inayorudisha mengi kuliko wenzake ndiyo iliyochoka.

Pampu inakuja mwisho, na mara nyingi kosa lake ni la kutengenezwa na binadamu: mtu alivunja sili na kuzungusha skrubu ya mafuta ili lori lipande na mzigo. Kweli, litapanda. Lakini chukua trela linaloenda kilomita 2.4 kwa lita. Safari ya Mombasa hadi Nairobi, takriban kilomita 480, linakunywa lita 200. Likishuka hadi kilomita 2 kwa lita, linakunywa 240. Hizo lita 40 umezinunua na kuzitupa angani kila safari, na bado joto la ziada linapika turbo.

Dizeli yenyewe nayo ichunguzwe. Tangu 2015 dizeli ya Kenya inatakiwa kuwa na salfa isiyozidi sehemu 50 kwa milioni. Tatizo la muda mrefu limekuwa kuchanganywa na mafuta ya taa, ndiyo maana serikali iliyatoza mafuta ya taa shilingi 18 kwa lita mwaka 2018, ili mchezo huo usilipe. Mafuta ya taa hayalainishi. Pampu na nozeli hukwaruzana zenyewe kwa zenyewe hadi zinaanza kuvuja.

Kuhusu afya, jambo liko wazi tangu Juni 2012, wakati shirika la utafiti wa saratani lililo chini ya Shirika la Afya Duniani (WHO) lilipoweka moshi wa dizeli kwenye kundi la kwanza la visababishi vya saratani. Chembe zake ni ndogo kiasi cha kupenya hadi ndani kabisa ya mapafu na kuingia kwenye damu. Mwongozo wa WHO wa 2021 unataka wastani wa mwaka wa chembe hizo usizidi maikrogramu 5 kwa mita moja ya ujazo wa hewa. Anayezivuta zaidi ni utingo wako, dereva wako, na mama anayechoma mahindi kando ya Outer Ring.

Malori ya kisasa kutoka Ulaya yana hatari isiyoonekana. Mengi hutumia AdBlue, maji yenye urea asilimia 32.5, kupunguza oksidi za nitrojeni. Ukiomba mtu aizime kwa kifaa cha kudanganya kompyuta, moshi utaonekana safi huku sumu ikiongezeka. Kazi hiyo hatuifanyi.

Magari ya biashara hukaguliwa na NTSA, mamlaka ya usalama barabarani, kila mwaka, na kanuni za ubora wa hewa chini ya NEMA, mamlaka ya mazingira, zipo tangu 2014. Kipimo cha moshi ni rahisi: injini ipate moto hadi oili ifike nyuzi 80 hivi, dereva akanyage hadi mwisho gari likiwa nyutro, angalau mara tatu, kisha wastani uchukuliwe. Ulaya, kwa injini za kabla ya kiwango cha moshi cha Euro 4, kikomo cha jinsi moshi unavyoziba mwanga (kwa kizio cha m⁻¹) ni 2.5 kwa zisizo na turbo na 3.0 kwa zenye turbo. Ni alama nzuri ya kujipimia kabla hujapanga foleni kwenye kituo cha ukaguzi cha Likoni Road. Kupunguza pampu asubuhi ya ukaguzi na kuirudisha jioni kunakupa stika tu.

Tahadhari ya rangi: moshi wa bluu ni oili, kwa hiyo tazama ringi, sili za valvu au turbo. Mweupe usiokoma injini ikishapata moto ni dizeli isiyoungua au maji yanayopita kwenye gasketi ya hedi. Hayo ni matengenezo mengine kabisa.

Ukileta lori, liache usiku kucha ili tapeti zipimwe asubuhi injini ikiwa baridi. Usisafishe filta kabla ya kuja. Acha tangini dizeli ya kituo unachotumia siku zote, na mwambie dereva aje mwenyewe, kwa sababu ndiye anayejua moshi unaanza kwenye mlima upi na kwa gia gani.