Websaiti ya shule isimtegemee fundi mmoja

Mheshimiwa Mhariri,

Naomba nafasi kidogo niseme kuhusu hizi websaiti za shule na sacco zetu huku West Nile maana sasa imezidi. Chukua kalenda ya shule yoyote hapa Arua, chini kabisa utakuta anwani ya websaiti imeandikwa kwa mbwembwe, haya jaribu kuifungua uone. Ama haifunguki kabisa, ama inakukaribisha kwa ada za zamani na picha ya hedimasta aliyeshahamishwa kitambo. Ukiuliza ofisini wanakwambia fundi hapokei simu. Yeye ndiye alitengeneza, yeye ndiye ana paswadi, tena hata jina la websaiti alisajili kwa jina lake mwenyewe, kwa hiyo tarehe ya kufungua shule ikibadilika lazima abembelezwe na atumiwe hela kwa simu kwanza ndio abadilishe mstari mmoja. Mstari mmoja jamani!

Mimi kazi yangu ni kutaipu na fotokopi hapa mjini, hawa makatibu na mabursa wakikwama huwa wanaishia mezani kwangu na flashi mkononi. Kila nikiwaambia watumie WordPress, ile programu ya bure ya kutengenezea websaiti, jibu ni lile lile, "lakini hiyo si ni ya blogu?" Ndiyo, ilianza kama programu ya blogu, hilo sikatai, ila hebu sikilizeni ilivyoanza maana inafanana sana na hii shida yetu. Kulikuwa na programu ya blogu inaitwa b2, mwenyewe akaacha kuishughulikia, watumiaji wakabaki wanashangaa. Sasa kwa vile ilikuwa na leseni ya GPL, yaani mtu yeyote ana ruhusa kuichukua, kuibadilisha na kuigawa, Matt Mullenweg kijana wa Marekani na Mike Little wa Uingereza wakaichukua wakaiendeleza, na Mei 2003 wakatoa WordPress ya kwanza. Fundi alipotea lakini kazi haikupotea. Leo zaidi ya asilimia 40 ya websaiti zote duniani zinatumia hiyo hiyo, kwa hiyo fundi wako wa Arua akihamia Juba kesho utapata mwingine Gulu, Mbale, popote, anayeijua. Lakini ile "system" ambayo kijana amejiandikia mwenyewe usiku nani ataielewa akiondoka?

Kuigeuza kutoka blogu kuwa websaiti ya kawaida wala si kazi. Unaingia kwenye mipangilio (Settings), sehemu iliyoandikwa kusoma (Reading), unachagua ukurasa wa mbele uwe ukurasa uliotulia badala ya orodha ya habari mpya. Basi. Baada ya hapo jua tu kutofautisha vitu viwili, kurasa na posti. Kurasa ni kama kile kibao cha getini, historia ya shule, namna ya kujiunga, namba za ofisi, vitu ambavyo havibadiliki kila wiki. Posti ni zile karatasi za ubao wa matangazo, matokeo ya mitihani ya taifa ya UNEB yametoka, mkutano wa wazazi Jumamosi, kila moja ina tarehe yake na mpya inakaa juu. Wengi wanaochanganyikiwa ni kwa sababu wameweka kila kitu kwenye posti, halafu ada inazama chini ya picha za michezo mzazi haioni tena.

Kingine ambacho shule hazikijui ni kwamba si lazima watu wote watumie paswadi moja. WordPress ina ngazi zake, kuna msimamizi mkuu, kuna mhariri (kama wewe hapo!), mwandishi, na mchangiaji ambaye anaandika ila hawezi kuchapisha mpaka mkubwa wake apitishe. Mpe katibu uhariri, mwalimu wa michezo mpe uchangiaji, usimamizi mkuu ubaki kwa watu wawili wa shule yenyewe. Na mtu akiharibu ukurasa matoleo ya nyuma yanahifadhiwa, unarudisha la jana maisha yanaendelea. Lugha pia haisumbui, andika Kiswahili, Lugbara, hata ŋ ya Waganda inakaa vizuri tu.

Kuhusu picha ndio nina ugomvi na watu. Mzazi wa Yumbe anafungua websaiti kwa simu, kwa bando alilonunua na ushuru wa asilimia 12 juu yake tangu Julai 2021, halafu wewe umemwekea mbele picha kumi na tano za siku ya michezo zinazojizungusha zenyewe. Kwa nini? Zile thimu, yaani mapambo na mpangilio wa websaiti, zilizo nzito zenye vitu vinarukaruka zinamfurahisha mwenyekiti wa bodi siku ya uzinduzi peke yake. Chukua thimu nyepesi, weka picha mbili, mzazi anataka kuona ada na tarehe.

Sasa isije ikaeleweka kwamba ni bure kabisa. Programu ni bure, lakini jina la websaiti na sehemu ya kuihifadhi vinalipiwa kila mwaka, na hapo ndipo shule nyingi zinapolala usingizi, malipo yanapita tarehe na jina linakatwa. Shule inaweza kusajili jina linaloishia .sc.ug, na lisajiliwe kwa jina la shule na imeili ya shule, siyo ya fundi, siyo ya hedimasta pia maana naye atahamishwa. Vilevile apdeti zifanywe. Ukiacha plagini za zamani, zile programu ndogo za kuiongezea websaiti kazi, zikae humo siku moja utafungua websaiti ya shule ya Kikristo ukute matangazo ya kamari, nimeyaona kwa macho yangu. Na hizo thimu za kulipia ambazo vijana wanapakua bure kwenye saiti za wizi, mara nyingi zinakuja na mlango wa nyuma wa wezi kuingilia ndani yake, bora ile ya bure ya halali.

Kwa wale ambao tayari kuna fundi anamalizia kazi, kabla hujampa salio lake la mwisho mkae naye mbele ya kompyuta ya ofisi. Akufungulie akaunti ya msimamizi mkuu kwa imeili ya shule, akuonyeshe mahali jina liliposajiliwa, akuachie bakapu, yaani nakala ya akiba, ya vitu viwili, hifadhidata (humo ndimo yanakaa maandishi) na folda ya wp-content (picha, thimu na plagini), kwenye flashi ya ofisi. Halafu katibu aandike tangazo moja na alichapishe mwenyewe fundi akiwa amekaa pembeni mikono mfukoni. Tangazo likionekana kwenye simu ya bursa, mlipeni.

Msomaji wenu,
Arua, Uganda