Asante, mama wa safari ya Marsabit

Mama uliyepanda basi nasi Nairobi tukienda misheni Marsabit, nakushukuru kwa moyo wote. Basi lilipoharibika baada ya Isiolo, jua likiwaka na vijana wa kwaya wamechoka, ulifungua chupa yako ya chai ukammiminia kwanza makanga aliyekuwa chini ya gari. Kisha ukamwuliza dereva kama amekula. Hilo halikuwa limemjia yeyote kati yetu! Ndipo ukatugawia maandazi, ukaketi kungoja bila kutuhubiria neno.

Tangu Archer's Post hadi Laisamis nilikuwa nikikutazama, nikijifunza uvumilivu. Ulishuka kabla sijauliza jina lako. Mungu akubariki, mama, akulinde barabarani, wewe na wa nyumbani kwako.