Mama Sabri, kuhusu hiyo safari na watoto

Makorora, Tanga

Shoga yangu Mama Sabri,

Asalaam aleikum. Meseji yako nimeisoma jana usiku nikaona nisikujibu kwa vijineno viwili, jambo lenyewe linataka maelezo. Nimefurahi mno viza zimetoka, watoto wakakae na baba yao inshallah. Sasa unasema kinachokutisha ni yale masaa matano na kitu angani mpaka Muscat, wewe peke yako na watoto watatu. Mwaya, mi nilipowapeleka wangu, huko juu ndo palikuwa nafuu. Angani mtoto hana pa kukimbilia. Pa kupaogopa ni chini, palepale eapoti, pale mikono yako yote miwili ishapata kazi na kuna mmoja hajashikwa na mtu.

Hebu fikiria ukaguzi. Iddi unatakiwa umtoe kwenye mbeleko, mkoba upite kwenye mashine, kigari kikunjwe nacho kipite, na bado kuna paspoti na bodingi pasi za watu wanne hujui uziweke wapi. Hapo ndo Zulfa anachomoka. Kwa iyo anza zoezi nyumbani kuanzia leo, Sabri kazi yake iwe moja tu, ukisema "shika" anamshika mdogo wake mkono na hamwachii mpaka wewe umwambie. Ana miaka sita, anaweza kabisa, mkubwa wangu aliishika kazi ile kama askari wa zamu. Na wao watangulie kupita, we uwe nyuma yao uwaone. Andika namba yako na ya baba yao kwa kalamu ya wino kwenye mkono wa kila mmoja, juu kidogo ya kiwiko ili wasiifute wakinawa.

Makaratasi yote yakae kwenye kipochi kimoja cha kuning'iniza shingoni, usichanganye na pampasi. Paspoti ya kila mtoto, vyeti vya kuzaliwa, na barua ya baba yao kwamba amekubali usafiri nao, maana saa ingine mama akiwa peke yake na watoto huulizwa. Angalia na majina kwenye tiketi yasome sawasawa na paspoti, herufi kwa herufi, ukiona kosa lirekebishwe sasa hivi ukiwa bado Tanga na sio kwenye kaunta watu wamejipanga nyuma yako.

Siti nazo uzishughulikie mapema. Iddi hajafika miaka miwili kwa hiyo anakaa mapajani, mashirika mengi wanatoza kama asilimia 10 ya nauli ya mtu mzima, Sabri na Zulfa kila mmoja na siti yake. Omba mstari mmoja wa siti tatu: Sabri dirishani, Zulfa katikati, wewe pembeni kwenye njia. Wakikwambia mstari ule kuna mama mwingine ana mtoto wa mapajani usibishane nao, kila mstari una barakoa chache za oksijeni, mara nyingi siti tatu zina barakoa nne, watoto wawili wa kupakatwa hawatoshi. Na hizo barakoa zikishuka unavaa wewe kwanza ndo uwavalishe wao, najua moyo wa mama utakataa ila ukizimia wewe hao watatu nani atawavalisha?

Wakati wa kuruka na kutua Iddi hatakiwi kubaki kwenye mbeleko, watakupa kamkanda kadogo kanachopita kwenye mkanda wako. Beba kanga mbili kwenye mkoba wa mkononi. Ya kujifunika ukinyonyesha, ya kuwafunika wao, maana ndani kuna baridi.

Masikio sasa. Unakumbuka tukipanda kutoka Mombo kwenda Lushoto masikio yanavyoziba? Ndo hivohivo, ila ndege ikishuka huwa ni kali zaidi kuliko ikipanda. Kumeza ndo kunafungua, basi ikianza kushuka, kama nusu saa kabla ya kutua, mnyonyeshe Iddi au mpe chupa, na akiwa kalala muamshe wallahi usimuonee huruma, aliyelala hamezi vizuri anaamka na maumivu. Zulfa na Sabri wape maji wanywe kidogokidogo kwa mrija. Mmoja wao akiwa na mafua siku hizo mpeleke kwa daktari kwanza. Na kuna watu watakushauri uwape dawa ya mafua ili walale njia nzima, tafadhali usifanye, kuna watoto dawa zile zinawachangamsha badala ya kuwalaza, na ukizidisha kipimo ni hatari.

Chakula beba kikavu, mkate wa ajemi, chapati umekata vipande. Vimiminika vya mkononi mwisho mililita 100 kila chupa lakini maziwa na uji wa mtoto kawaida wanaruhusu, watakwambia tu ufungue waangalie. Chai ukiletewa na Iddi yuko mapajani ikatae, mkono wa mtoto una haraka.

Choo, waende wote kabla ya kuingia ndani. Ukizidiwa wewe huko juu mwite mhudumu au mama wa siti ya jirani umwachie Iddi, sema wazi "dada nishikie mwanangu", hakuna anayekataa, na wakikuita mbele na wenye watoto muingie kwanza usione haya, nenda.

Ila lingine, usipande basi pale stendi ya Kange siku hiyohiyo ya ndege. Fika Dar siku moja kabla, lala kwa shangazi yako Ukonga, kutoka pale Terminal 3 ya eapoti ni karibu na watoto watakuwa wameoga na wamelala. Na vile vindege vidogo vya hapa Tanga ulivyouliza mzigo mara nyingi ni kilo 15 tu, kwa mabegi yako yale haiwezekani.

Nitumie tarehe ukishalipia tiketi, Jumamosi ntakuja Pangani tupange hayo mabegi pamoja. Msalimie mama, na Zulfa umwambie nakuja.

Wako,
Mama Rukia