Taarifa ya Mwaka ya Mwenyekiti kwa Wanachama

Ndugu wanachama,

Mwaka huu kitalu chetu cha mimea ya asili hapa Kisiwa cha Norfolk kimejaa hadi njia ya katikati inapitwa na mtu mmoja, tena kiubavuubavu. Ningeweza kuishia hapo mkanipigia makofi. Lakini ni miche ya nini?

Mingi ni haibiskasi ya Kisiwa cha Phillip, kile kidogo kilicho jirani yetu, ile inayochanua rangi ya njano-kijani na kuzeekea kwenye zambarau. Kisa chake mnakijua. Nguruwe, mbuzi na sungura walioachiwa kule walikitafuna kisiwa mpaka udongo mwekundu ukawa unaporomokea baharini. Sungura walikuja kumalizwa miaka ya 1980, na haibiskasi ya porini ilikuwa imebaki vichaka viwili tu. Kila kipandikizi tunachokata asili yake ni humo. Basi vyungu vile vyote, kwa haki, ni mimea miwili iliyogawanywa vipande vipande. Ukiingia ugonjwa unaoiweza, hautachagua.

Ndiyo maana lile la vibao vya kutambulisha vyungu limeniuma. Tuliviandika kwa kalamu ya wino, mvua ikaosha, na sasa hatujui chungu kipi kilitoka kichaka kipi. Kosa ni langu, maana aliyependekeza penseli nilimwambia anatuchelewesha. Penseli imeshanunuliwa.

Msituni, mpera mwekundu, ule mti wa kigeni uliovamia, bado unatushinda. Ukiukata bila kupaka dawa kisikini, unachipua mashina manne pale lilipokuwa moja. Ukiuacha, ndege wanasambaza mbegu. Mliokuja Jumamosi zile mmejionea: chini yake ni giza, mche wa asili hauinuki. Waliong'oa kwa mikono hadi kucha zikajaa udongo, asanteni.

Hesabu atazisoma mweka hazina. Deni hatuna.

Mwaka ujao naomba tupunguze vipandikizi vya haibiskasi, nafasi tuipe Abutilon julianae, kichaka cha asili ya visiwa hivi, ambayo ilidhaniwa imetoweka kabisa hadi ilipoonekana tena Phillip. Najua haibiskasi ndiyo inayopendwa na wageni, na wapo watakaonung'unika. Wanung'unike. Tena, yeyote atakayeona mbegu kwenye haibiskasi ya nyumbani kwake asiichume kabla ya kutuita. Mche wa mbegu mmoja, usio kipande tu cha mmea wa zamani, una thamani kwangu kuliko vipandikizi vya benchi zima.

Na mliochukua miche kwetu kabla ya mvua zile, msitupe vibao vyake. Vileteni mkutanoni, hata vilivyofifia.