Binamu, hiyo spika iache nyumbani

Binamu, salama? Nimeona meseji yako kwamba wikiendi ya Labor Day (sikukuu ya wafanyakazi ya Marekani, mwanzoni mwa Septemba) mnapanda huku jimbo la Maine na watoto na mbwa tuingie wote Baxter State Park, ile hifadhi ya jimbo, afu ukauliza eti kempu ina waifai na restoranti karibu. Nimecheka sana. Umeme hakuna, maji ya bomba hakuna, unateka mtoni unachemsha, barabara ya ndani ni changarawe na mwendo ni maili 20 kwa saa. Mbwa haingii kabisa. Redio na spika nazo marufuku. Na yule kitinda mimba wako, kama bado hajafika miaka 6, haruhusiwi kupita pale miti inapoishia mlimani, kwa hiyo ongea na shemeji mapema nani atabaki naye chini.

Usije ukagombana na askari wa hifadhi, huo msimamo ni wa mzee mmoja anaitwa Percival Baxter. Huyu aliupanda Mlima Katahdin, huo uliomo hifadhini, 1920, akawa gavana wa Maine 1921 hadi 1925, akawabembeleza sana wabunge wa jimbo wanunue ule mlima uwe wa wananchi, wakagoma, maana misitu ya huku ilikuwa ya makampuni ya mbao na karatasi na hao ndo walikuwa na sauti. Basi alivyotoka madarakani akaingia mfukoni mwake, kwao walikuwa na hela, na 1930 akanunua kutoka kampuni ya Great Northern Paper karibu ekari 6,000 kwa dola 25,000, kilele kikiwemo, akalikabidhi jimbo kwa sharti kwamba libaki pori milele. Hakuishia hapo, akaendelea kununua kipande kwa kipande mpaka 1962, mara 28 jumla, ekari zikapita 200,000! Alifariki 1969 akaacha na mfuko wa kupatunza. Yani sisi tuliozoea kiongozi akistaafu ndo anajigawia shamba, hii stori inachukua muda kuingia kichwani.

Ila mi nina neno kidogo. Kila mtu anasimulia Baxter alinunua kwa kampuni, sasa kampuni ilipata kwa nani? Pale ni kwa Wapenobscot, wenyeji wa asili wa huku, toka enzi na enzi, hata jina Katahdin ni lao, na zamani kileleni walikuwa hawaendi kwa sababu ndo kwa Pamola, roho wa mlima kwenye simulizi zao, mwenye kichwa cha moose (yule mnyama wa pembe pana, anamzidi farasi) na mabawa ya tai. Hawajauacha huo mlima. Kila mwaka wikiendi hiyohiyo mnayokuja wanatoka kisiwani kwao kwa mitumbwi na kwa miguu, maili 100, mpaka chini ya Katahdin. Mkikutana nao njiani wapisheni, na simu weka mfukoni.

Mlima wenyewe ni mita 1,605, usiudharau kwa kuwa umezoea kusikia Kilimanjaro. Kuna sehemu inaitwa Knife Edge, karibu maili nzima ya mawe matupu, kwingine upana hauzidi mita moja, kulia korongo kushoto korongo, na upepo ukianza unatambaa kwa mikono. 1939 mtoto wa miaka 12 alipotelea kwenye ukungu huko juu, akatokea baada ya siku 9 akiwa hai, viatu hana.

Kwa hiyo buti, makoti ya mvua, tochi. Paking ya Roaring Brook, pale tunapoanzia kupanda, inabukiwa kabla, ntaibuki mimi, we nitumie namba ya gari leo usiku.