Kwako Rehema, kuhusu Yeremia 29:11

Dada Rehema,

Bwana Yesu asifiwe. Umeniuliza kama ni kosa mtu kuchukua mstari mmoja asubuhi na kuushika kuwa neno lake la siku, maana Alhamisi unaongoza ibada na andiko ulilopangiwa ni Yeremia 29:11. Si kosa. Mungu husema na mtu kwa mstari mmoja. Ninachokusihi ni kwamba kabla mstari haujawa wako, ujue kwanza ulikuwa wa nani.

Fungua Biblia ya Union Version, tafsiri yetu ya Kiswahili, ila usianzie mstari wa 11. Anzia 28:1, usome kwa sauti hadi 29:14. Ni mistari 31 tu. Sura ya 28 ina Hanania, nabii anayetangaza kwamba nira ya Babeli itavunjwa na vyombo vya hekalu vitarudi ndani ya miaka miwili. Hayo ndiyo watu waliyotamani kuyasikia. Sura ya 29 ni barua ya Yeremia kutoka Yerusalemu kwa wale waliochukuliwa mateka hadi Babeli pamoja na Yekonia, mfalme wa Yuda, mwaka 597 K.K. Anawaambia wajenge nyumba, wapande bustani, waoze watoto wao, wauombee amani mji uleule uliowateka. Mstari wa 10 unataja muda kabla ya kurudishwa kwao: miaka sabini.

Ndipo linakuja neno la mstari wa 11: "Maana nayajua mawazo ninayowawazia ninyi, asema Bwana, ni mawazo ya amani wala si ya mabaya, kuwapa ninyi tumaini siku zenu za mwisho."

Hilo "Maana" la mwanzo liwekee alama kwa penseli. Linaufunga mstari wa 11 kwenye wa 10. Ukilikata, umekata na ile miaka sabini. Kisha pigia mstari "ninyi", mara zote mbili. Kiswahili kimetupa msaada mkubwa hapa, kwa sababu wewe na ninyi havichanganyiki kwetu. Anayejisomea "ninayokuwazia wewe" amebadilisha andiko bila kujua. Ahadi ilikuwa ya taifa zima, na mtu aliyechukuliwa akiwa na miaka thelathini hakutarajia kurudi kwa miguu yake mwenyewe. Wangerudi watoto na wajukuu wake.

Uone basi madhara yanavyotokea. Kijana anaenda kwenye usaili wa kazi, anaambiwa "simama na Yeremia 29:11". Kazi anaikosa. Anabakiwa na mawili: ama Mungu amesema uongo, ama imani yake ni ndogo. Yote mawili yanamuumiza bure, kwa sababu mstari haukuahidi kazi ile. Uliahidi kwamba Mungu hajawaacha watu wake hata pale anaposema "bado". Angefundishwa hivyo mapema, mstari huohuo ungemshika mkono siku ya kukosa. Hapo ndipo maana ya binafsi ilipo, Rehema, na ina nguvu kuliko ile ya kwanza.

Mistari mingine nayo hukatwa hivyo hivyo. Kumbukumbu la Torati 28:13 tunalitamka kila mkesha wa mwaka mpya: kichwa, wala si mkia. Sura hiyo ina mistari 68. Baraka ni 14 za kwanza, na zote zimefungwa na sharti la kuisikia sauti ya Bwana kwa bidii. Iliyobaki 54 ni laana, na mstari wa 44 unayageuza maneno yaleyale: mgeni atakuwa kichwa, nawe mkia. Anayekiri wa 13 asome na wa 44.

Wafilipi 4:13, "Nayaweza mambo yote", utaiweka sawa kwa kurudi mistari miwili nyuma. "Mambo yote" ya Paulo, akiwa kifungoni, ni kushiba na kuona njaa, kuwa na vingi na kupungukiwa. Si kushinda kila jambo.

Usiende upande wa pili ukawanyima watu mstari mmoja mmoja. Mithali kuanzia sura ya 10 ni semi fupi zinazosimama zenyewe mara nyingi, ingawa hata huko 26:4 inakataza kumjibu mpumbavu na 26:5 inaagiza ajibiwe; hekima ni kujua lini. Zaburi isomwe nzima. Barua za mitume, rudi walau mwanzo wa sura. Na kumbuka kwamba sura na namba za mistari ziliwekwa karne nyingi baadaye, hivyo wazo mara nyingine linavuka mpaka wa sura.

Alhamisi, kabla ya kuuliza "mstari huu unakuambia nini?", waulize kwanza: nani anasema, anawaambia akina nani, wako wapi, na wanangojea nini? Wape muda wajibu wenyewe wakiwa na Biblia mikononi. Na muda ukikubana, acha maelezo yangu yote, lakini usisome wa 11 kabla hujasoma wa 10.

Wasalimie wote nyumbani.

Nduguyo katika Kristo,
Elia